Gemu za Mapanga na Uchawi Mtandaoni: Pima Kabla Hujalipa

Mwishoni mwa Septemba 2021 Amazon ilifungua milango ya New World, gemu ya kuigiza ya mtandaoni iliyouzwa kwa takriban dola 40. Ndani ya wiki moja watu zaidi ya 900,000 walikuwa wakiicheza kwa wakati mmoja, na foleni ya kuingia kwenye baadhi ya seva ilichukua saa nyingi. Miezi michache baadaye umati ulikuwa umetawanyika kiasi kwamba seva zilianza kuunganishwa, ili waliobaki wapate wenzao wa kucheza nao. Oktoba 2025 kampuni ikatangaza kuwa haitaongeza tena mambo mapya katika gemu hiyo.

Final Fantasy XIV ilipita njia ya kinyume. Ilipotoka mwaka 2010 ilipondwa vibaya mno hata kampuni iliyoitengeneza, Square Enix ya Japani, ikaomba radhi hadharani. Novemba 2012 seva zilizimwa, timu mpya chini ya Naoki Yoshida ikaijenga upya, nayo ikarudi sokoni Agosti 2013. Desemba 2021 Square Enix ililazimika kusitisha kuiuza kwa muda, kwa sababu wachezaji walikuwa wengi kuliko uwezo wa seva.

Kelele za siku ya uzinduzi, basi, ziwe za sifa au za lawama, hazimsaidii sana mnunuzi. Kinachomsaidia ni kujua gemu itamtoza nini akishaingia, kama itachezeka kwa kifaa na intaneti aliyonayo, na kama anaweza kuionja kabla ya kutoa hata senti. Mwongozo huu unafuata maswali hayo matatu, na umeandikwa kwa kumfikiria mtu aliye Mwanza, Mombasa au Maskati ambaye dola 15 kila mwezi si fedha za kuokota.

Bei ya mlangoni na bei ya ndani

Katika gemu hizi maelfu ya watu hukutana kwenye dunia moja ya kubuni, kila mmoja na mhusika wake: mpiga upanga, mchawi, mpiga mishale, tabibu. Dunia hiyo haizimwi mchezaji anapokwenda kulala. Kuna watu wanaolipwa kutunza seva, kuwafukuza matapeli na kuandika visa vipya. Fedha za kuwalipa hutoka kwa wachezaji kwa njia tatu kuu, ingawa kampuni nyingi huzichanganya.

Njia ya kwanza ni ada ya mwezi. World of Warcraft, iliyotoka Novemba 2004, hutoza dola 14.99 kwa mwezi kwa bei ya Marekani. Kwa mwaka ni dola 179.88. Kila baada ya miaka miwili hivi hutoka toleo la nyongeza la takriban dola 50, na anayetaka kucheza na wenzake katika maeneo mapya hana budi kulinunua. Mwaka wenye toleo jipya hugharimu karibu dola 230. Kama dola ni shilingi 130 za Kenya, hiyo ni karibu shilingi 30,000. Kama ni shilingi 2,500 za Tanzania, ni shilingi 575,000. Ukiacha kulipa, mhusika wako hafutwi, ila mlango unafungwa mpaka ulipe tena.

Njia ya pili ni kununua mara moja. Guild Wars 2 ya ArenaNet, iliyotoka Agosti 2012, haina ada ya mwezi hata moja, na tangu Agosti 2015 sehemu yake ya msingi hutolewa bure ikiwa na vizuizi kadhaa. Fedha hutoka kwenye matoleo ya nyongeza, ambayo ya karibuni yameuzwa kwa takriban dola 25, na kwenye duka la ndani. Mtu anaweza kuiacha miezi minane, akarudi siku ya mvua, akaendelea alipoishia bila kudaiwa chochote.

Njia ya tatu ni bure mlangoni. Hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kufungua macho zaidi, kwa sababu gemu isiyo na bei mlangoni ina maelfu ya bei ndani.

Duka linauza nini?

Ukiwa na muda wa kuuliza swali moja tu, uliza hilo. Vitu vya dukani huwa vya aina tatu: mapambo, kama nguo na farasi wa kung'aa, urahisi, kama begi kubwa na nafasi zaidi ghalani, na nguvu, yaani silaha au vifaa vinavyomfanya aliyelipa ampige asiyelipa. Mapambo hayamdhuru mtu. Nguvu huharibu mchezo mara moja, na wachezaji huipigia kelele. Aina ya katikati ndiyo inayokula fedha kimyakimya.

Chukua The Elder Scrolls Online. Ilianza Aprili 2014 kwa ada ya lazima, ikaiondoa Machi 2015, na leo ukishainunua unaweza kucheza bila ada. Sasa tembea ndani yake saa moja. Kila mmea, kila jiwe la madini, kila kipande cha ngozi unachookota huingia kwenye begi, na aina za malighafi ni mamia. Begi linajaa, benki inajaa, na mchezaji anajikuta akisimama njiani kuchagua nini atupe. Dawa ipo: begi maalumu la malighafi lisilojaa kamwe, ambalo hupatikana kwa kujiunga na huduma ya ESO Plus kwa dola 14.99 kwa mwezi. Hakuna aliyelazimishwa. Lakini kero imewekwa na yuleyule anayeuza dawa yake, na mtu anayependa kutengeneza silaha na vyakula ndani ya gemu atajikuta analipa ada ileile ya World of Warcraft. Mtu asiyejali ufundi huo, anayetaka hadithi na mapigano tu, hataihisi kero hiyo sana. Gemu moja, bei mbili, kutegemea mchezaji ni nani.

Black Desert Online ya Korea Kusini ina mtindo kama huo: wanyama wafugwao wanaomwokotea mchezaji vitu vilivyoangushwa na maadui, pamoja na nafasi za begi na uwezo wa kubeba uzito, huuzwa dukani. Bei ya kuingia huwa ndogo sana, na mara kwa mara hushushwa. Anayelinganisha bei za kuingia peke yake ataiona ya bei rahisi kuliko zote.

Albion Online, iliyotengenezwa Berlin na kampuni ya Sandbox Interactive, ina jibu la kipekee. Unaweza kununua dhahabu kwa fedha halisi, ukaibadili kuwa sarafu za ndani, ukanunua silaha kali. Lakini katika maeneo mekundu na meusi ya ramani yake, ukiuawa na mchezaji mwingine, silaha na vifaa ulivyovaa vinabaki pale chini, na aliyekuua anachukua vilivyonusurika. Tajiri asiyejua kupigana huishia kuwavisha maadui zake. Ni mfumo wa haki kwa namna yake, ila humuumiza vibaya mgeni asiyesoma rangi za ramani.

Bahati nasibu iliyovaa joho la mchawi

Genshin Impact ilitoka Septemba 2020, ni bure kabisa kupakua, na huchezeka kwa simu. Dunia yake ni nzuri na hadithi yote inaweza kumalizwa bila kulipa. Fedha zake hutoka kwenye bahati nasibu ya wahusika, na hesabu yake inafaa kufanywa polepole, kwa karatasi na kalamu.

Kila bahati moja hugharimu vito 160. Uwezekano wa kupata mhusika wa nyota tano katika bahati moja ni 0.6 kwa mia. Gemu hukuhakikishia mmoja ukifika bahati ya 90, lakini huyo anaweza asiwe yule uliyemtaka. Ukikosa, wa pili ndiye atakayekuwa wako kwa hakika. Siku ya bahati mbaya kabisa, basi, ni bahati 180, yaani vito 28,800. Kifurushi kikubwa cha dola 99.99 hutoa 6,480 na nyongeza ya 1,600, jumla 8,080, ukiondoa ofa ya mara ya kwanza. Vifurushi vitatu havitoshi. Vinne ni karibu dola 400, kwa mhusika mmoja.

Ni kweli kwamba wengi humpata mapema kuliko hapo, na kwamba vito vya bure hutolewa kwa anayecheza kila siku. Bado kikomo cha juu ndicho cha kuandika kwenye karatasi, kwa kuwa ndicho mtu anachoweza kutozwa. Serikali nazo zimeliona jambo hili. Ubelgiji ilitangaza mwaka 2018 kwamba visanduku vya bahati vinavyolipiwa vinavunja sheria yake ya kamari, na gemu kama Lost Ark na Diablo Immortal hazikutolewa huko. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na kampuni ya Genshin Impact: italipa dola milioni 20, na haitawauzia visanduku vya bahati watoto wa chini ya miaka 16 bila idhini ya wazazi.

Vifaa vyako vitadumu muda gani?

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa dukani: je, mchezaji anayepumzika miezi sita anarudi akiwa na nini? Katika World of Warcraft kila msimu mpya huleta silaha zenye nguvu kuliko za msimu uliopita, hivyo zilizomtoa jasho mwaka jana hubaki kumbukumbu. Katika Guild Wars 2 ngazi ya juu kabisa imebaki 80 tangu 2012, na silaha bora za miaka hiyo bado zinafaa leo. Mwanafunzi anayecheza wakati wa likizo, au mtu mwenye kazi ya zamu, afikirie jambo hili kwa uzito kuliko ubora wa picha.

Bando, kebo za baharini na mapigo ya gemu

Hofu ya wengi ni kwamba gemu ya mtandaoni humaliza bando. Kucheza kwenyewe hakuli sana. Kwa kawaida ni makumi ya MB kwa saa, kiasi kidogo kuliko kutazama video. Kinachokula ni kupakua na kusasisha. World of Warcraft na Final Fantasy XIV kila moja inataka nafasi inayozidi GB 100 kwenye diski, na masasisho makubwa huja yakiwa na GB kadhaa. Old School RuneScape ya kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, ni nyepesi kiasi cha kuingia kwenye simu ya kawaida, na tangu Oktoba 2018 mhusika yuleyule huchezwa kwa simu na kwa kompyuta. Albion nayo imekuwa kwenye simu tangu 2021.

Jambo la pili ni ucheleweshaji, ambao wachezaji huuita pingi. Gemu kubwa zilizotajwa hapa haziweki seva zake Afrika Mashariki. Za karibu huwa Ulaya. Kutoka Nairobi au Dar es Salaam, ujumbe kwenda Ulaya na kurudi huchukua mara nyingi milisekunde 150 hadi 200, hata intaneti ikiwa nzuri. Kasi kubwa ya kifurushi cha nyumbani haiondoi umbali huo. Na kebo za baharini zikikatika, hali huwa mbaya zaidi: Mei 12, 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja, na Kenya, Tanzania na majirani zao wakabaki na intaneti ya kusuasua.

Lakini ucheleweshaji uleule hauumizi kila gemu kwa kiasi kimoja. Old School RuneScape huendesha mambo yake kwa mapigo ya sekunde 0.6, kwa hiyo agizo lililochelewa milisekunde 200 bado hukuta pigo linalofuata. Katika Final Fantasy XIV mashambulizi makuu mengi hutumika mara moja kila sekunde 2.5 hivi, kwa hiyo mchezaji wa Arusha hapungukiwi sana na mwenzake wa Berlin. Black Desert, na mapigano ya watu kwa watu ya Guild Wars 2, hutaka kukwepa pigo papo hapo. Huko milisekunde 200 ndizo zinazoamua nani ameanguka. Mtu mwenye intaneti ya simu inayopanda na kushuka ana sababu nzuri ya kuchagua gemu ya mapigo ya polepole, na wala haimpotezei utamu.

Angalia pia saa. Mashambulizi makubwa ya vikundi hupangwa jioni za wenye seva. Saa mbili usiku ya Ujerumani ni saa tatu au saa nne usiku ya Afrika Mashariki, kutegemea majira, jambo linalowezekana. Saa mbili usiku ya New York ni saa tisa usiku au saa kumi alfajiri kwetu. Chagua seva ya Ulaya, hata kama rafiki wa mtandaoni anakuvuta Marekani.

Hatua za kuonja bila kulipa

1. Kabla ya kutazama gemu yoyote, andika kikomo cha fedha kwa miezi mitatu na saa unazoweza kucheza kwa wiki. Mwenye saa nne kwa wiki akilipa ada ya dola 15 analipa karibu dola moja kwa saa. Mwenye saa kumi na tano analipa senti 25.

2. Soma mahitaji ya kifaa kwenye ukurasa rasmi. Tumia orodha ya "yanayopendekezwa". Ile ya "chini kabisa" inamaanisha gemu itafunguka tu, si kwamba utaifurahia mijini penye wachezaji mia.

3. Chagua mbili za kulinganisha, zisizidi hapo. Anayejaribu tano huishia kujifunza sehemu ya utangulizi mara tano.

4. Fungua akaunti kwa barua pepe yako mwenyewe, weka nenosiri lisilotumika kwingine, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. World of Warcraft humzawadia anayefanya hivyo nafasi nne za ziada kwenye begi, na Final Fantasy XIV humpa eneo moja la kusafiri bure. Kwa anayechezea kwenye kompyuta za kukodi, hatua hii si ya hiari.

5. Pakua usiku kwa bando la usiku, au kwenye Wi-Fi isiyo na kikomo. Kisha angalia kwenye mipangilio ya simu au kompyuta gemu imetumia MB ngapi, ukazitenge na zile za kucheza.

6. Cheza wakati uleule utakaokuwa ukicheza siku zote. Intaneti ya asubuhi haikwambii lolote kuhusu ya saa tatu usiku, mtaa mzima ukiwa mtandaoni. Katika World of Warcraft, ukiweka kipanya juu ya kitufe cha menyu ya gemu utaonyeshwa pingi yako. Iandike mara kadhaa; inayorukaruka kutoka 160 hadi 600 ni mbaya kuliko iliyotulia kwenye 220.

7. Ingia dukani siku ya kwanza, kabla hujaipenda gemu. Tazama kinachouzwa ukurasa wa mbele na ukigawe katika makundi matatu: mapambo, urahisi, nguvu.

8. Muulize mchezaji mkongwe swali hili, kwa maneno haya au mengine: "Nisipolipa chochote, nitakwama wapi?" Wakongwe hupenda kujibu, na majibu ya watu watatu yatakupa picha ambayo tangazo halitoi.

9. Ukiamua kulipa, lipa mwezi mmoja. Ofa za miezi sita au kumi na miwili huonekana nafuu, lakini wengi huchoka kabla ya mwezi wa tatu.

Makosa yanayogharimu

*Kupandisha akaunti ya majaribio haraka.* Majaribio ya bure ya Final Fantasy XIV ni makubwa ajabu: tangu Oktoba 2023 hufika ngazi ya 70, pamoja na matoleo mawili ya nyongeza, bila kikomo cha muda. Kuna vizuizi: huwezi kutumia soko la wachezaji, huwezi kujiunga na chama, na sarafu zako haziwezi kuzidi 300,000. Lakini ukishanunua gemu kamili, akaunti hiyo hairudi tena kwenye majaribio. Ada ikiisha, unafungiwa nje hata na sehemu zilizokuwa bure.

*Kuchanganya maduka.* Ukinunua Final Fantasy XIV ya kompyuta kupitia Steam, matoleo yake yote ya nyongeza lazima yanunuliwe Steam. Ya dukani kwa Square Enix hayatakubali. Amua mara moja.

*Kusahau saa ya Steam.* Steam hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 za kununua na ukiwa umecheza chini ya saa mbili. Gemu yenye programu yake ya kuanzishia huhesabiwa tangu programu hiyo ifunguke, hata kama inapakua tu. Mtu mwenye intaneti ya polepole anaweza kumaliza saa mbili kabla hajaona mhusika wake. Kwenye Google Play, omba ndani ya saa 48.

*Kununua dhahabu au akaunti mitaani.* Matangazo huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram: mhusika wa ngazi ya juu, bei ya kutupa. Karibu kampuni zote hukataza biashara hiyo na hufunga akaunti. Zaidi ya hapo, aliyefungua akaunti kwa barua pepe yake anaweza kuidai tena baada ya kupokea fedha zako. Njia halali zipo: World of Warcraft ina Tokeni na Old School RuneScape ina Bondi, ambazo kampuni zenyewe huuza na wachezaji hubadilishana kwa dhahabu ya ndani. Mwenye muda asiye na fedha anaweza kujilipia uanachama kwa njia hiyo.

*Malipo yanayojirudia.* Kadi za Visa za mtandaoni zilizounganishwa na simu, kama GlobalPay ya M-Pesa iliyozinduliwa Kenya mwaka 2022, zimerahisisha kulipa, na zimerahisisha kukatwa pia. Ada hujirudia yenyewe mpaka uizime. Izime siku hiyohiyo unapolipa. Mwezi uliolipia utaendelea kuutumia hadi uishe. Hesabu pia kiwango cha kubadilisha dola, ambacho mara nyingi huwa juu ya kile unachosoma gazetini.

*Mtoto na simu ya mzazi.* Weka Google Play idai nenosiri kwa kila ununuzi, na usimwambie mtoto nenosiri hilo.

Orodha ya kukagua kabla ya kubonyeza "lipa"

☐ Nimecheza bure angalau kwa saa kumi.
☐ Najua gharama ya miezi mitatu: kuingia, ada, toleo la nyongeza, bando.
☐ Duka haliuzi nguvu, au najua linavyouza na nimekubali.
☐ Pingi ya usiku imetulia kwenye seva ya Ulaya.
☐ Lugha ya gemu naisoma bila taabu. (Gemu kubwa zilizotajwa hapa hazina Kiswahili. Wasomaji wa Bujumbura au Lubumbashi wanaopendelea Kifaransa watakikuta kwenye World of Warcraft, Final Fantasy XIV, Guild Wars 2 na The Elder Scrolls Online.)
☐ Nimeona watu wanaocheza saa zangu, si idadi kwenye tovuti tu. Takwimu za Steam hazihesabu wanaotumia programu ya kampuni yenyewe, na World of Warcraft haimo kabisa.
☐ Gemu imeongezewa jambo jipya ndani ya mwaka huu.
☐ Niko tayari fedha hizi zisirudi.

Kisanduku cha mwisho si mzaha. WildStar ilifunguliwa Juni 2014 na kuzimwa Novemba 2018. TERA, iliyosifiwa kwa mapigano yake, ilizimwa kwenye kompyuta Juni 2022. Farasi, majoho na majumba yaliyonunuliwa humo yalikwenda nazo, kwani mchezaji hununua ruhusa ya kutumia tu. Tangu Oktoba 2024 Steam huliandika jambo hilo wazi kwenye ukurasa wa malipo.

Basi achague ipi?

Mwenye simu pekee aanze na Old School RuneScape. Picha zake ni za kizamani na wengine watacheka, lakini sehemu ya bure inatosha miezi, haichagui simu, na inavumilia intaneti mbovu. Anayependa vita vya watu kwa watu na asiyelia akipokonywa aende Albion, kwenye seva ya Ulaya iliyofunguliwa 2024.

Mwenye kompyuta na bajeti ndogo achukue Guild Wars 2, hasa kama hucheza kwa vipindi. Mpenzi wa hadithi ndefu apakue majaribio ya Final Fantasy XIV na asiguse kitufe cha kununua mpaka afike ngazi ya 70. Hakuna ofa ya bure inayoikaribia kati ya gemu za aina hii. World of Warcraft inastahili ada yake kwa mtu mwenye marafiki walio tayari ndani. Asiye nao acheze bure hadi ngazi ya 20 kwanza, kisha ajiulize kama anaimisi kesho yake. The Elder Scrolls Online ni ya anayejua kwamba hajali ufundi. Genshin Impact ni ya kuchezwa bure, na anayejijua kuwa mkono wake mwepesi kwenye bahati nasibu aiache.

Bei zote hapa ni za dola kwa soko la Marekani, na kampuni hizi hubadilisha bei na masharti bila kumuuliza mtu. Fungua ukurasa rasmi wa gemu uliyoichagua, thibitisha bei ya siku hiyo, ndipo ulipe.